Kikombe cha asubuhi: maswali yenu kuhusu methadoni

Maswali haya yametoka Mbeya mjini, Tunduma na Mafinga. Yote yanagusa methadoni, dawa ya maji inayotolewa kwenye kliniki za MAT (kliniki za kutibu uraibu kwa dawa) kwa watu wenye uraibu wa heroini. Tanzania Bara huduma ilianzia Muhimbili Februari 2011, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ikafika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya mwaka 2017. Majina tumeyaondoa. Dozi ya mtu inapangwa na daktari wake; namba tulizoweka hapa ni za kukusaidia uelewe anachofanya na umuulize vizuri.

Kijana wangu alikuwa anakula unga miaka mingi. Sasa kila asubuhi anakwenda kunywa dawa. Majirani wanasema ametoka kwenye ulevi wa mtaani ameingia wa serikali. Nimkataze? (Mama, Mwanjelwa)

Shikamoo mama. Usimkataze.

Heroini inapanda kichwani kwa sekunde au dakika chache na baada ya saa 4 hadi 6 imekwisha kazi. Ndiyo maana teja hatulii: akipata kete (kifurushi kidogo cha heroini) ya asubuhi, mchana arosto (maumivu ya kuikosa) inamdai nyingine, na hela ya hiyo kete lazima itoke mahali. Methadoni ikinywewa inapanda taratibu, inafika kilele baada ya saa 2 hadi 4, kisha inakaa siku nzima na zaidi. Inashika palepale kwenye ubongo panaposhikwa na heroini, kwa hiyo mwili unaacha kudai. Dozi ikishakaa sawa hakuna stimu. Anatembea, anafanya kazi, anakula ugali wake jioni, analala.

Majirani wana nusu ya ukweli. Mwili wake bado unaitegemea dawa, na akiiacha ghafla ataumwa. Lakini huyu hajifichi, hajidungi sindano iliyopita kwa watu watatu, na hajui tena bei ya kete imefika ngapi. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya uraibu huu, kwa sababu watu walio kwenye dawa hizi wanakufa kidogo kuliko walio nje. Kama mnakwenda kwenye maombi, nendeni. Ila apitie kliniki kwanza.

Leo siku ya 5, napewa mg 30. Nikinywa nakuwa fresh mpaka jioni, ila ikigonga saa 9 usiku jasho, miayo, miguu inavuta. Mshikaji wangu anakunywa 80. Nimeomba hiyohiyo wamegoma. Si bora niongezee kete moja usiku? (Mafiati)

Kaka, hiyo kete moja ndiyo inayoua watu wa siku ya 5. Tupige hesabu.

Mwili wa mtu wa kawaida unachukua takriban saa 24 hadi 36 kuondoa nusu ya methadoni. Tuchukue 24. Siku ya kwanza umekunywa 30. Kesho yake asubuhi zimebaki 15, umeongeza 30, una 45. Siku ya tatu una kama 52, ya nne 56, ya tano 58. Kikombe ni kilekile, hakuna aliyekuongezea hata tone, lakini mwilini umebeba karibu mara mbili ya siku ya kwanza. Na hiyo ni kwa mwenye saa 24. Ambaye mwili wake unachelewa, mzigo unaendelea kupanda hata baada ya wiki. Muuguzi hawezi kujua kwa kukuangalia wewe ni wa kundi gani, ndiyo maana anasubiri.

Utaratibu wa kawaida ni kuanza na mg 10 hadi 30, siku ya kwanza isivuke 40, halafu kupandisha 5 au 10 kila baada ya siku kadhaa. Wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Kwa hiyo utafika huko kwa mshikaji wako. Yeye mwenyewe hakuanzia 80. Kikombe chake ukikinywa wewe leo, unaweza usiamke.

Wiki mbili za mwanzo ndizo zenye vifo vingi kuliko kipindi kingine chote cha tiba, na mara nyingi kuna kitu kimeongezwa juu: kete, valiamu, pombe. Dawa iliyolundikana inakandamiza pumzi taratibu, kete inakuja kuimalizia.

Sasa, namna ya kuomba kuongezewa. "Naumwa arosto" wanaisikia siku nzima dirishani, haiwapi pa kushika. Waambie saa. Umekunywa saa 2 asubuhi. Kati ya saa 4 na saa 6 mchana ulikuwaje? Kama ulikuwa macho, mkavu, unaongea vizuri, na arosto ikaanza saa 9 usiku, hiyo ni dalili nzuri kwamba dozi ni ndogo na inaweza kupanda. Kama mchana ulikuwa unasinzia juu ya benchi halafu usiku unaumwa, hapo hawaongezi, na wana haki: kilele chako tayari kiko juu. Andika siku tatu mfululizo kwenye karatasi: saa ya kunywa, hali ya mchana, saa arosto ilipoanza. Karatasi hiyo itakusaidia kuliko kugombana na mlinzi.

Jambo la Mbeya peke yake: Juni na Julai, alfajiri, kila mtu hapa anatiririka kamasi na vinyweleo vimesimama, kama mwenye arosto. Baridi haipanui mboni za macho, haikuletei miayo mfululizo wala tumbo la kuhara. Tofautisha kabla hujaenda kudai.

Mume wangu baada ya dozi alipita kilabuni akanywa komoni. Mchana akalala anakoroma kwa sauti nzito isiyo ya kawaida, tukamwacha apumzike. Alikuja kuamka usiku. Kuna tatizo? (Uyole)

Lipo, na safari hii mmeponea. Koromo zito la mtu aliyekunywa methadoni na pombe mara nyingi ni njia ya hewa inayojifunga. Mtu wa namna hiyo haachwi apumzike.

Mwite jina kwa nguvu. Msugue mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Hesabu pumzi kwa dakika nzima: mtu mzima anavuta 12 hadi 20. Zikiwa chini ya 10, au midomo na kucha zimekuwa za kijivu au bluu, au haitikii, hiyo ni dharura. Mtu mmoja atafute usafiri. Mwingine, kama mgonjwa anapumua, amlaze ubavu, kichwa kimerudi nyuma kidogo ili ulimi usizibe koo. Kama hapumui au anavuta kwa nadra, mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde 5 hadi asaidiwe. Maziwa, maji ya baridi, chumvi, kumkokota azunguke uani: achaneni navyo, vinakula dakika alizobakiza.

Hospitali semeni wazi kwamba yuko kwenye methadoni na mtaje mg. Watampa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya methadoni, naye anaweza kufumbua macho palepale. Hapo ndipo ndugu wengi wanapoharibu, kwa sababu mgonjwa akiamka wanasema twende nyumbani. Naloksoni inafanya kazi kati ya dakika 30 na 90, methadoni inakaa zaidi ya siku. Ikiisha naloksoni anarudi kuzama, safari hii akiwa kitandani kwake usiku. Akae wodini mpaka waliomtibu waseme.

Na komoni, ulanzi, kimpumu, zote ni pombe. Watu wanadhani ya kienyeji haihesabiki.

Nilikuwa machimbo ya Chunya, nimehamia mjini kwa ajili ya kliniki. Nimekaa vizuri na mg 90 miezi saba. Nimekutwa na TB, nimeanza dawa wiki iliyopita, na arosto imerudi kama zamani. Dawa ya methadoni wanaichakachua?

Hawaichakachui. Kinachofanya hivyo ni rifampisini, moja ya dawa nne za TB, ile inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Inaliamsha ini lifanye kazi kwa kasi, na ini linachoma methadoni kabla ya muda wake. Kiasi kilichomo kwenye damu kinaweza kushuka kwa theluthi moja hadi zaidi ya nusu. Inaanza ndani ya siku chache na kufikia ukali wake wote kama wiki ya pili, kwa hiyo bado hujaona mwisho.

Hili tunalisisitiza kwa ukanda wetu, kwa sababu machimbo yana vumbi na TB, na Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa kitaifa wa 2022/23: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Mtu wa methadoni hapa ana nafasi kubwa ya kuwa na daftari mbili au tatu za kliniki mfukoni, na madaktari wa daftari hizo huenda hawajawahi kuongea. Wakutanishe wewe. Nenda dirisha la methadoni leo na kadi ya TB, useme ulianza tarehe ngapi. Watapandisha, pengine kwa hatua za karibu kuliko kawaida, na wengine wanagawiwa dozi asubuhi na jioni.

Makosa mawili tunayoyaona. La kwanza ni kuacha dawa za TB ili arosto ikome. Arosto itakoma kweli, lakini TB inaweza kurudi ikiwa sugu. Tiba ni miezi 6, ya kwanza 2 kwa dawa nne, 4 iliyobaki kwa rifampisini na isoniazidi. La pili halisemwi sana na ndilo baya: mwisho wa miezi hiyo. Ukimaliza rifampisini, ini linarudi kwenye kasi yake ya zamani ndani ya wiki mbili hivi. Kama ulipandishwa kutoka 90 hadi 150 na ukabaki hapo, hiyo 150 sasa inafanya kazi yote. Siku unayomeza kidonge cha mwisho cha TB, mjulishe muuguzi wa methadoni, na dozi ishushwe kwa hatua huku ukiangaliwa kama unasinzia.

Kama unatumia pia ARV: dolutegraviri haigombani na methadoni, lakini ikikutana na rifampisini yenyewe huhitaji kunywewa mara mbili kwa siku. Efavirenzi na nevirapini za zamani zilikuwa zinashusha methadoni kama rifampisini. Dawa ya kinga ya TB inayomezwa mara moja kwa wiki ina rifapentini, nayo ni ya ukoo huohuo. Dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni pia. Upande wa pili, flukonazo (ya fangasi) na siprofloksasini (antibiotiki) zinaweza kuipandisha methadoni, ukajikuta unasinzia bila kuongezewa. Akikuandikia mtu dawa yoyote mpya, hata ya malaria, taja methadoni kabla hajamaliza kuandika. Baadhi ya dawa za malaria na antibiotiki, zikichanganyika na dozi kubwa ya methadoni, zinavuruga mapigo ya moyo. Ndiyo maana walio juu ya mg 100 hupimwa moyo kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo.

Mimi ni utingo, Tunduma hadi Dar. Nikikosa siku tatu nne, nikirudi wamenipunguzia. Mbona wanaadhibu watu wanaotafuta riziki?

Si adhabu. Siku ambazo hunywi, mwili unasahau kuubeba ule mzigo. Kwa kawaida ukikosa siku 1 au 2 unapewa dozi yako, kama hujaja umelewa. Siku 3 au 4, unapimwa upya na mara nyingi unapewa nusu, kisha unapandishwa. Siku 5 au zaidi, unaanza chini kama mgeni. Anayedanganya kwamba amekosa siku moja tu ili apewe 100 yake anajitegea mwenyewe.

Foleni ya malori Tunduma haina ratiba, tunajua. Cha kufanya ni kuomba barua kabla ya safari, yenye dozi yako na tarehe ya kikombe cha mwisho, na kliniki yako iwasiliane na ya huko. Dar kuna Muhimbili, Mwananyamala na Temeke. Ukitokea bila barua hakuna atakayekupa, na sisi tungekuwa dirishani tusingekupa. Kwa wiki za mwanzo, na kila dozi inapobadilishwa, dereva asikuachie usukani hata kwa kilomita kumi.

Nina mimba ya miezi minne na bado navuta. Nimeambiwa niache mara moja kuokoa mtoto. (Mafinga)

Dada, usiache ghafla. Arosto kali inaweza kubana mfuko wa uzazi, mimba ikatoka au mtoto akaja kabla ya wakati. Njia salama zaidi kwako na kwake ni kuingia kwenye methadoni mapema. Nenda kliniki ya wajawazito, mwambie mkunga ukweli, omba rufaa. Kama kliniki ya MAT unayoweza kupata ni ya Mbeya, huwezi kwenda na kurudi kila siku kutoka Mafinga, kwa hiyo anza sasa kutafuta ndugu wa kukaa naye, usisubiri mimba ifike miezi minane.

Miezi mitatu ya mwisho dozi inaweza kushindwa kufika asubuhi kwa sababu mwili wa mjamzito unaichoma haraka. Huongezwa au kugawanywa mara mbili. Leba ikija, dozi yako ya kila siku haizuii uchungu. Una haki ya dawa ya maumivu kama mama mwingine, isipokuwa pentazosini, ambayo itakutupa kwenye arosto hapohapo kitandani. Mkunga wa zamu ya usiku lazima aambiwe hilo, hivyo liandikwe kwenye kadi yako ya kliniki.

Mtoto anaweza kuanza kutetemeka, kulia kwa sauti kali, kushindwa kunyonya au kuhara, mara nyingi ndani ya siku 3 za kwanza. Inatibika. Msitoke hospitali siku ya pili hata kama anaonekana mzima. Siku 4 hadi 7 za kuangaliwa ndizo zinazotakiwa. Methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana, kwa hiyo nyonyesha, na usiache kunyonyesha ghafla.

Choo siku nne hakuna, na meno yanaoza. Ni dawa?

Choo, ndiyo. Tumbo halizoei methadoni hata baada ya miaka. Dona badala ya sembe, maharage, mboga, parachichi (kwa nini mtu wa Rungwe aumwe choo?), maji lita 2 kwa siku, na isiposaidia omba dawa ya choo, bisakodili au laktulozi, pale kliniki. Meno yanaharibika kwa sababu dawa inakausha mate na mara nyingi ina sukari. Sukutua na maji baada ya kikombe, piga mswaki usiku.

Kuna jamaa anatoka na dozi mdomoni anaitema kwenye chupa, anauza. Nijaribu kwanza hiyo kabla ya kujiandikisha?

Usijaribu. Hujui ni mg ngapi, na kwa mtu ambaye mwili haujazoea, 50 inaweza kutosha kumuua. Chupa hiyo ikiachwa juu ya meza, mg 10 tu zinaweza kumuua mtoto mdogo. Ndiyo sababu muuguzi anakunywesha maji na kukuongelesha baada ya dozi. Kujiandikisha ni bure, na asasi zinazozunguka vijiweni zinaweza kukusindikiza.

Nina miaka miwili, mg 70, nina kazi, nina mke. Nataka kuacha kabisa. Nishuke vipi? (Soweto, Mbeya)

Miaka miwili bila kete, kazi na nyumba: wewe ni mmoja wa wachache wanaouliza kwa wakati unaofaa. Pia ungebaki hapo hakuna anayekudai. Wapo wanaotumia miaka kumi na wanaishi.

Ukiamua, shuka mg 5 kila wiki mbili hadi ufike 30 au 40. Kuanzia hapo punguza mwendo: 2.5 kwa hatua, wiki mbili hadi nne kila hatua. Sehemu ngumu ni 20 za mwisho. Kutoka 70 kwenda 65 unapoteza sehemu ndogo sana ya dawa. Kutoka 10 kwenda 5 umekata nusu. Mtu anashuka hadi 25 anajiona mshindi, anaruka hadi sifuri, na wiki tatu baadaye yuko kijiweni. Usingizi ukikatika au ukianza kuota kete, mwambie muuguzi akurudishe hatua moja, kaa hapo mwezi, kisha endelea.

Kabla ya kikombe cha mwisho, kubaliana na kliniki kwamba ukiteleza utapokelewa bila kuanza upya kwenye foleni. Na mkeo ajue hili: baada ya kuacha, kete uliyokuwa unaivuta zamani bila shida ni dozi ya kuua sasa. Mwonyeshe namna ya kupulizia pumzi, kama tulivyoeleza kwa mama wa Uyole.